Aliyeikalia Kamba: Kumuaga Bi Mashavu Haruni

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Tangu nisikie kuwa Bi Mashavu Haruni anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Ninaogopa. Walioniomba niandike kwa niaba ya familia za wagonjwa walitaka maneno ya furaha, nami nitajaribu.

Bi Mashavu ni mratibu wa huduma za wagonjwa wa akili na waraibu kisiwani kwetu. Kazi yake ni kuwaunganisha watu ambao wasingekaa pamoja: wauguzi, polisi, mtendaji wa kata na maalim. Wagonjwa wengi hupelekwa kwanza kunywa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji. Yeye hakulikataza. Alikwenda kwa Maalim Shaibu, wakanywa kahawa, na tangu hapo kila anayemaliza kombe huambiwa, "Sasa nenda kwa Mashavu ukachomwe sindano."

Alifika hadi dago, ile kambi ya wavuvi kwenye kisiwa kidogo cha mchanga cha Shungimbili, kuwatafuta vijana wanaovuta unga. Wakimwona tu anashuka chomboni, wanapiga kelele, "Bibi Sindano huyo, kimbieni!"

"Kimbieni, wanangu! Kisiwa chenyewe kidogo hiki, mkizunguka mtanikuta hapa hapa."

Huko ndiko alikomkuta kaka yangu, Mudrik.

Mudrik alirudi nyumbani Miburani, akaacha unga, lakini sauti anazozisikia hazikumwacha. Mwaka jana alikataa sindano yake ya kila mwezi, na asubuhi moja akajifungia chumbani na panga. Nilikuwa ukumbini. Majirani walishaleta kamba ya kumfunga. Bi Mashavu aliwaomba polisi wabaki nyuma ya ua, akavua viatu, akaketi kizingitini.

"Mudrik mwanangu, ni mimi. Siingii mpaka uniruhusu."

"Na hao wengine?"

"Wako mbali. Hata kamba yao nimeikalia."

Adhuhuri ilimkuta pale pale. Mwishowe panga likasukumwa nje, chini ya mlango.

Juzi alikuja na atakayeshika nafasi yake, Ndugu Sadick. Mudrik akageukia ukuta.

"Huyu simjui. Kwani wewe unakwenda wapi, mama?"

"Kupumzika, baba. Magoti hayanitii tena."

Niliogopa kuliko siku ile ya panga, maana sasa Mudrik akikataa, nani atakaa kizingitini? Kisha akanigeukia mimi.

"Warda, wewe unamwogopa huyu?"

"Simwogopi."

Akakunja mkono wa fulana, akampa Ndugu Sadick bega amchome sindano.

Bi Mashavu, asante kwa kutungojea kila tulipochelewa kufungua mlango. Tunakuombea afya, usingizi mpaka jua lichomoze, na kila atakayepiga hodi kwako awe na habari za kheri.

Na ninyi watumishi mnaofika kwetu: mwezi ujao Ndugu Sadick atakuja peke yake, na Mudrik ataniangalia usoni kabla ya kumwangalia yeye. Bado ninaogopa. Tafadhali, hilo msimwambie Mudrik.