Dakika Kumi na Moja za Nasif Tadros Wahba

Marehemu Nasif Tadros Wahba alizaliwa Mallawi, Misri ya Juu, tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa pili wa fundi cherehani Tadros Wahba na mkewe Balsam. Mdogo wake Widad, ndiye huyu anayewasomea, alipopata akili alimkuta kaka yake tayari ana kazi: kukaa juu ya paa na kuangalia mbingu. Wanawake wa mtaani walikuwa wakimwita kutoka chini, "Nasif, tuanike leo?" Naye, mtoto wa miaka tisa, anajibu kwa maringo, "Anikeni, ila adhuhuri muwe mmeshaanua." Siku moja alikosea, vumbi likaja mapema, na shuka saba za Mama Fikriya zikawa rangi ya udongo. Alizifua zote mwenyewe, wala hakuna aliyemtuma.

Alisoma Mallawi hadi sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Asyut, alikohitimu fizikia mwaka 1970. Baada ya mafunzo ya utabiri wa hali ya hewa huko Kairo, alipangiwa kazi Januari 1973 katika uwanja mmoja mdogo wa ndege wa huku kwetu Misri ya Juu, na hapo hapo akastaafia. Wengi mlidhani kazi yake ni kusema kesho jua kali, jambo ambalo hata mbuzi wanalijua. Kazi yake hasa ilikuwa kuwalinda waongoza ndege na wasichokiona. Wao wako mnarani na ndege zao, yeye yuko chini na ramani na vipimo vyake, na kati yao simu moja nyeusi. Akiona hatari, vumbi, radi au upepo unaogeuka ghafla, sheria ilikuwa moja: piga simu mnarani papo hapo, usisubiri taarifa ya kila saa.

Alikuwa na desturi isiyovunjika. Hakuweka simu chini mpaka aliye mnarani amrudishie maneno yote, moja baada ya jingine. Mwongoza ndege Labib Ghattas, rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa akimtania, "Wewe bwana, hata mkeo akikutuma vitunguu unamrudishia?" Nasif akajibu, "Namrudishia. Ndiyo maana kwangu vitunguu havijawahi kukosekana, uliza kwako."

Alifunga ndoa na Olfat Zaki tarehe 16 Januari 1977, Labib akiwa msimamizi wake. Mungu akawajalia watoto wawili, Mariam na Boutros. Labib ndiye aliyemshika Mariam siku ya ubatizo.

Sasa tunafika pale ambapo wengine wa ukoo walitushauri turuke. Tumewasikia. Olfat alisema, "Andikeni, mwenyewe aliomba," na mwenye marehemu ni yeye.

Machi 1987 Nasif alitoa tahadhari ya dhoruba ya vumbi. Ndege zikazuiwa saa sita nzima, upepo ukageukia kwingine, na jioni mbingu ilikuwa safi kama sahani. Mkuu wake akamwambia mbele ya watu, "Nasif, ukiona vumbi tena, kwanza liulize linakwenda wapi." Watu walicheka wiki nzima. Yeye pia alicheka, lakini nyumbani hakula.

Mwaka uliofuata, Jumatatu ya tarehe 11 Aprili 1988, ilikuwa Sham el-Nessim, sikukuu ya machipuko, kesho yake ya Pasaka yetu. Nchi nzima iko bustanini na samaki wa chumvi na vitunguu vibichi, Nasif na Labib wako zamu. Saa nane na dakika arobaini na saba mchana, Nasif alipanda juu ya paa la ofisi akaona upande wa magharibi ukingo wa kahawia. Alijua ni nini. Mkono wake ulifika kwenye simu, akayakumbuka maneno ya mkuu wake, akaamua kusubiri taarifa ya kituo cha jangwani iliyokuwa ije saa tisa kamili, ili safari hii awe na uhakika. Saa nane na dakika hamsini na nane madirisha yalianza kutikisika, ndipo akapiga. Labib alikuwa ameshairuhusu ndege kutua. Ilitoka nje ya njia, bawa likavunjika. Hakufa mtu, lakini rubani msaidizi, kijana wa miaka ishirini na sita, hakutembea tena.

Wachunguzi walimuuliza Nasif tahadhari ilitoka saa ngapi. Akasema saa nane na hamsini na nane, na ilikuwa kweli. Hawakumuuliza aliona saa ngapi, naye hakusema. Lawama zote zikamwangukia Labib, kwamba ameonywa na ameshindwa kuirudisha ndege juu. Alitolewa mnarani akapelekwa ghalani, na baada ya mwaka akahamia Minya bila kuaga. Kwa shuka za Mama Fikriya Nasif alijua la kufanya. Kwa hili alikaa nalo miaka thelathini, na sisi nyumbani tukidhani ni mtu mkimya tu.

Alistaafu mwaka 2008. Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016, na Januari mwaka huu alilazwa. Jumapili iliyopita, tarehe 17 Februari, alimwomba Mariam ampigie Labib. Akasema polepole, "Labib, ni Nasif. Niliona saa nane na arobaini na saba. Nilikupigia saa nane na hamsini na nane. Dakika kumi na moja ni zangu, si zako." Upande wa pili kimya. Mariam akasema, "Baba, pumzika, nipe simu." Akakataa, "Hajanirudishia." Aliishikilia sikioni hata baada ya kukatika. Alifariki Jumanne tarehe 19 Februari 2019, alfajiri, akibakiza siku kumi na nane kutimiza miaka sabini na moja.

Jana Labib alifika kwa treni. Alisimama mlangoni akamwambia Olfat, "Mama Mariam, nilimsikia vizuri. Hasira ilinishika ulimi. Nilijua nitampigia kesho." Kisha akaenda kwenye jeneza, akainama, akasema kwa sauti ya mnarani tuliyoisahau, "Umeona saa nane na arobaini na saba. Umepiga saa nane na hamsini na nane. Dakika kumi na moja. Nimepokea, Nasif."

Marehemu ameacha mjane, Olfat, watoto, Mariam na Boutros, wajukuu wanne, dada, Widad, na rafiki, Labib Ghattas, ambaye hakuwa na kosa.

Umerudishiwa yote, kaka. Sasa weka simu chini, ulale kwa amani ya Bwana.