Rambirambi Zisiingie Kwenye Laini Yangu

Sikilizeni wanangu, na kabla hamjanisikiliza mnisamehe, maana mmejionea wenyewe: nimewaita mkae, nimekohoa kikohozi cha wosia, nimetamka kwa sauti nzito kwamba dunia ni mapito, na papo hapo simu chini ya mto wangu ikapasuka, "Gooo!", mpaka mama yenu akamwaga maji ya beseni. Haya, nimekamatwa. Mtu anaaga dunia huku anafuatilia timu ambayo hata mji wake haujui, na mimi niliyeendesha malori ya masafa marefu maisha yangu yote nimepita miji isiyo na idadi. Wewe kifungua mimba wangu umeichukua simu, umeizima, umeitia mfukoni. Umefanya vizuri. Wala sikuwa nimeweka hela, nilikuwa nasikiliza tu, kama mlevi anusavyo chupa tupu. Usinitazame hivyo. Haya basi, kidogo niliweka.

Sasa ninyamazieni, kwa sababu pumzi yangu ni betri ya gari kuukuu, ikizima haiwaki kwa kusukumwa. Kilichotukusanya mnakijua. Benki inataka jibu Jumatatu juu ya nyumba hii mliyozaliwa: ama apatikane mtu wa kuubeba mkopo wangu, ama dalali aje kuinadi. Hilo nitalifikia. Niacheni nizunguke kwanza, ndivyo nilivyozoea kufika.

Mali yangu haitawagombanisha. Lori lilikuwa la tajiri, ingawa nimelala ndani yake kuliko nilivyolala kando ya mama yenu, naye hilo hajawahi kulisahau. Kilicho changu ni jeki, spana, turubai lenye viraka na koti la ngozi nililolinunua mpakani nilipokuwa bado na kiuno. Jeki na spana ni zako wewe mwanangu wa kiume, fundi wa friji. Koti pia ni lako. Likikubana, lawama ni za tumbo, msilisingizie koti.

Madeni ndiyo urithi wenyewe, na kukopa harusi, kulipa matanga, ila mimi harusi sikumwalika mtu. Yalianzia kwenye foleni ya mpakani. Unazima injini, unangoja karatasi za mzigo, jua linakukaanga ndani ya kabati la bati, hujui utavuka leo au wiki ijayo. Zamani tulicheza karata. Kisha dereva mmoja tuliyemwita Profesa, kwa ajili ya miwani tu, akatufundisha kutandika mkeka kwenye simu: unachagua mechi, unaweka hela ya chai, unangoja. Mkeka wangu wa kwanza ulitiki, hela ikaingia. Laiti ungechanika siku ile ningemtukana Profesa, nikarudi kwenye karata, na leo mngekuwa mnagombania nyumba kama watoto wa watu wengine.

Ikaenda posho ya safari, ukaenda mshahara, ikaja mikopo ya simu. Ukimkopa jirani lazima umsalimie, uulize hali ya watoto, ukune kichwa, utazame chini. Aibu ile ni breki. Simu haikuulizi hata umeamkaje. Nikakopa huku nilipe kule, kama tufanyavyo njiani, tangi la kulia likikauka unafyonza la kushoto, unasonga. Lakini dereva mwenye akili anajua matangi ni mawili. Mimi nilidhani yanaendelea hadi nyuma ya tela.

Wewe fundi, inua uso, nakusema wewe. Chama cha akiba nilikokwenda kukopa kilipotaka mdhamini nilikufuata umeinama nyuma ya friji la bucha, nikakwambia nimepata lori la kununua, nitakuwa tajiri na mimi. Hukuuliza swali. Ulipangusa vidole kwenye suruali, ukatia sahihi juu ya mgongo wa lile friji, ukaniambia, "Baba, ukinunua, kiti cha mbele ni changu." Sikununua hata tairi. Chama kikabeba akiba yako yote. Ulipokwenda benki kukopa ya vifaa, yule binti wa dirishani alitazama kompyuta, akakurudishia kitambulisho kwa ncha za vidole. "Kaka, jina lako liko kwa wadaiwa sugu." Ukamjibu hujawahi kukopa hata kiberiti. "Umedhamini, kaka. Ni kama umekopa. Mwenye zamu, njoo!" Ukaja moja kwa moja hapa mlangoni, ukauliza, "Baba, lori liko wapi?" Nami nikasema, "Liko njiani." Nilikuwa natania. Hukunisemesha tena mpaka nilipougua.

Na nyumba? Afisa mikopo aliniita mteja mwaminifu, akanipa soda baridi, akanivutia kiti. Mama yenu alitakiwa aridhie. Akauliza, "Hii ninayosaini ni nini?" Nikamwambia ni bima, ili nikipata ajali asihangaike. Akanishukuru, jamani. Alinishukuru, akaniongezea chai. Nilikusudia ushindi mmoja mkubwa ulipe chama, ulipe simu, urudishe hati, nisimame nikiwa msafi bila mtu kujua nilichafuka. Hela ya nyumba ilikaa kwenye akaunti kama mgeni asiyevua viatu.

Mtataka kujua nilihisi nini ilipokwisha. Sikuhisi kitu. Mguu wa klachi ukishinda foleni kutwa hufa ganzi. Ukikanyaga gari linatii, lakini mguu unakuwa wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Niliingia ndani, nikala, nikasifu mboga, nikalala usingizi mzuri. Hata nikishinda ilikuwa vilevile, nilitazama namba zikipanda kama ninavyotazama mvua ikinyesha kwa jirani. Na leo nasimulia haya macho yakiwa makavu. Msidhani ni ujasiri. Huko ndani hakuna mtu.

Baba yenu mdogo mtamwambia hivi. Nilimwendea kumkopa, akaweka chakula mezani, akasema, "Kaka, nitakulisha mpaka ushindwe kusimama, lakini hela mkononi mwako siweki." Nikala, nikashiba, nikatoka kuutangazia ukoo mzima kwamba ndugu yangu ni bahili. Mwambieni alikuwa sawa. Asipokuja kunizika msimnunie.

Na jambo la mazishi lishikeni sana, maana hili hakuna atakayewaambia isipokuwa mimi. Laini yangu ina deni, na kila hela iingiayo inamezwa kabla sijaiona. Shangazi yenu alituma ya dawa, ikamezwa yote, nami nikampigia kumshukuru, nikanywa maji ya moto. Nikifa watu watatuma rambirambi kwenye namba wanayoijua, na wale walionikopesha watakuwa wa kwanza kula matanga yangu. Tangazeni namba ya mama yenu. Tangazeni mapema, kabla watu hawajaanza kulia, maana akilia mtu hutuma bila kusoma.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante.

Mchuma janga hula na wa kwao, nami nimewaandalia meza ndefu. Fundi, usimdhamini mtu kwa sababu anakupenda. Kupenda anaweza kabisa, nami nilikupenda. Na atakayekwambia bado mkeka mmoja tu mambo yakae sawa, mwangalie mikono, kisha angalia mlango ulipo.

Sasa nimefika kwako, kifungua mimba. Unachanganya rangi pale kiwandani mwaka baada ya mwaka, hujachelewa zamu, mshahara wako unapita benki ileile. Jina langu limeoza. La ndugu yako nimelichafua. La mama yenu liko kwenye karatasi aliyodhani ni bima. Lako ndilo safi lililobaki katika nyumba hii. Meneja wa benki aliniambia kwa mdomo wake: ukikubali kuubeba mkopo wangu, ukakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo mpaka karibu na kustaafu, dalali hatakuja. Mama yenu amepanda kila ua lililo uani. Anajua bati lipi linavuja. Kumhamisha umri huu ni kumng'oa na mizizi. Najua ninachokuomba. Nimewaambia msidhamini, sasa hivi tu, kwa ulimi huuhuu, na sasa nageuka kukuomba... unaona? Hata ganzi ina njaa. Lakini ni mara moja, mwanangu. Ni mara hii moja tu, mambo yakae sawa.

Sogeeni. Mkono wangu mzito, ushikeni ninyi muuweke vichwani. Mungu awape riziki inayokuja polepole, mpate kuihesabu ikiwa bado yenu. Awape usingizi. Fundi, Mungu akurudishie... akurudishie ulichonipa bila kuuliza. Mke wangu, wewe sina baraka ya kukupa, wewe ndiye... kaa hapo tu. Wanangu, msigombane. Hakuna cha kugombania, hilo nimewasaidia.

Kifungua mimba. Meneja anangoja Jumatatu, na mimi sidhani nitafika... sema neno, nisikie. Sema tu.

"Jina langu sikupi, baba. Nyumba iuzwe. Mama anakuja kukaa kwangu."