Wasifu wa Marehemu Bachint Kaur, Aliyepeleka Bakuli Kila Nyumba Isipokuwa Moja

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa hapa gurudwarani, nyumba yetu ya ibada, leo, tarehe 18 Januari 2019. Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa kwanza Tejpal Singh, mtoto wa baba mkubwa. Alileta mistari saba, na jina la mama alikuwa amelikosea. Kwa hiyo nimeandika mimi, Simarpal, binti yake wa pekee. Kiongozi wa ibada amenisihi nisome kwa upole. Sauti yangu itakuwa ya upole.

Marehemu Bachint Kaur alizaliwa tarehe 12 Februari 1948 katika kijiji cha Dhaula Khurd, mtoto wa nne wa mzee Kehar Singh na Basant Kaur. Alizaliwa msimu wa haradali, na nyanya yake alikuwa akisimulia kwamba mama mzazi alitoka shambani na kikapu cha majani kichwani, akakitua, akajifungua, na jioni akauliza kama kuna aliyekumbuka kuyaosha.

Baba yake hakutaka asome. Nyanya ndiye aliyempeleka shule ya wasichana mwaka 1955, akiwa na bakuli la mboga iliyopikwa kwa mwalimu. Mwalimu akasema, "Mtoto huyu ana umri gani?" Nyanya akajibu, "Onja kwanza, umri utauliza baadaye." Akasoma hadi darasa la tano, akatolewa akaangalie nyati wa maziwa. Watu wengi wa kijiji hiki waliamini hajui kusoma, naye hakuwahi kuwasahihisha.

Tarehe 20 Novemba 1967 aliolewa na marehemu baba yangu, Jagir Singh, akaja hapa Rurki Bhaini. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Siku ya kwanza mama alipopika saag, mboga ya majani ya haradali, katika nyumba hii, baba alikula mikate mitano ya mahindi, akanyoosha sahani tena, na mama yake baba akasema, "Bibi harusi, punguza mkono, utaniulia mtoto." Waliishi vizuri. Mimi nilizaliwa mwaka 1972, na hawakupata mwingine.

Kuhusu kazi yake, mikono yenu wenyewe ni mashahidi. Hakuchuma haradali kabla baridi haijayapiga majani. Alimenya mabua moja moja, akachanganya na mchicha na bathu, lile gugu la shamba la ngano ambalo wengine hung'oa na kutupa. Alikiinjika chungu juu ya moto wa samadi asubuhi, akakiacha kichemke taratibu mpaka alasiri, akitia unga wa mahindi kidogo kidogo huku akipekecha mpaka bega linauma. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, siagi nyeupe juu. Kisha bakuli la shaba lilianza safari. Mtaa wetu una nyumba ishirini na tatu. Ishirini na mbili zilipata.

Hapa ndipo nilipoombwa niruke. Siruki.

Baba alifariki tarehe 3 Desemba 1986 kwa homa ya mapafu. Siku ya kumi na tatu, kaka yake mkubwa, Nahar Singh, alikuja na wazee watatu na shuka. Wote mnajua maana yake: mjane afunikwe shuka, awe mke wa shemeji, ekari nne za marehemu zisitoke kwenye ukoo. Nahar alikuwa tayari na mke, dada Melo, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mama, akiwa amefunika uso kama inavyompasa mke wa mdogo mtu, alisema, "Shemeji, shuka ninalo. Rudi nalo hilo, mkeo ana baridi."

Tarehe 19 Januari 1987, asubuhi yenye ukungu, trekta la Nahar Singh liliingia katika shamba letu. Haradali ilikuwa imefika magotini. Alilima yote, akaifukia ardhini. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliona. Mama alikimbia pekupeku, akasimama mbele ya trekta, na kwa mara ya kwanza akafunua uso wake mbele ya shemeji yake.

"Nitazame vizuri," alimwambia. "Ili siku ukinihitaji unijue."

Baridi ile tulikula bathu ya kando ya mfereji. Mama alilima shamba lile mwenyewe kuanzia mwaka uliofuata, na miaka ishirini na tisa bakuli halikuvuka ukuta wa baba mkubwa. Harufu ilivuka. Dada Melo alikuwa akija mchana kula jikoni kwetu. Mama alimpenda, alimmegea mkate kwa mkono wake, lakini alimwambia, "Kula hapahapa, dada. Na ukitoka, pangusa mdomo."

Mwezi Desemba 2015 Nahar Singh aliugua, akakataa chakula. Dada Melo alikuja akilia.

"Bachint, mzee anataka saag yako tu. Vijiko viwili."

"Miguu yake imekatika?"

"Haijakatika."

"Basi aje."

Alikuja na fimbo, mchana, wanawake saba wakiwa uani wanamenya mabua. Wengine wako hapa, wanaweza kunisahihisha.

"Nipe kidogo, Bachint."

"Nitakupa sahani nzima. Kwanza waambie hawa: tarehe kumi na tisa Januari ulifanya nini?"

"Mambo ya zamani hayo. Shemeji na shemeji wahesabiane siku?"

"Mimi nahesabu."

"Nililima shamba la ukoo."

"La nani?"

"La ukoo."

"Basi nenda, ukoo ukakupikie."

Akageuka, akaondoka. Alifariki tarehe 6 Februari 2016 bila kuonja. Mlimwita mama roho ya jiwe, wengine mkiwa bado mna bakuli lake mkononi. Wapo wanaosema usiku ule alilia. Nilikuwepo. Alikula mikate miwili na sukari guru, akalala. Mimi ndiye niliyemwuliza asubuhi, "Mama, sahani moja ingekupunguzia nini?" Akasema, "Ingempunguzia yeye deni. Neno moja tu nilitaka, mwanangu, naye alikuwa na pumzi ya kulisema." Sikukubaliana naye wakati ule. Leo bado sijui.

Ugonjwa wake ulianza Novemba iliyopita, mapafu yaliyochoshwa na moshi wa miaka hamsini. Tarehe 2 Januari Tejpal alimtembelea hospitali na matunda, karatasi na kidau cha wino.

"Mama mdogo, weka dole gumba hapa. Ni ya bima tu."

Mama aliomba miwani. Akaisoma ile karatasi yote, polepole, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaketi asikilize: hati ya kukabidhi ekari nne. Kisha akamrudishia. "Baba yako alikuja na trekta, wewe umekuja na wino. Angalau mnaendelea." Akacheka mpaka akakohoa, na nesi akamtoa Tejpal nje. Ndizi tulikula.

Alifariki tarehe 9 Januari, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada Melo, na mwili wake ulichomwa kesho yake. Ameacha binti mmoja, mkwe wake Harnek, wajukuu wawili, Jasmit na Ekam, na dada Melo, ambaye tangu jana anaishi kwetu kwa hiari yake; mwanawe asiulize tena. Ameacha pia mtoto wa shemeji, Tejpal Singh, niliyemtaja kwa sababu orodha hii inatakiwa kuwa kamili. Shamba liliandikwa kwa jina langu tarehe 14 Machi 2017, mbele ya mashahidi wawili waliokaa safu ya tatu.

Mungu ampe Bachint Kaur pumziko ambalo ukoo huu haukumpa.