Fundi Kope Anavua Glavu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, daktari wetu wa upasuaji wa macho anastaafu. Sisi tunamwita Fundi Kope. Nesi mkuu wa chumba cha upasuaji ana majina mengine ya kumwita akichelewesha chai, ila hayo hayaandikiki.

Alianza kazi hii akiwa kijana, tena mwenye nywele. Kilichomgusa ni watu wenye kope zilizolegea, wanaotembea wameinua kidevu ili waone njia, huku majirani wakisema wanaringa. Msuli wa kope ukiwa bado una nguvu, huufupisha kwa nyuzi chache. Kabla ya kukaza fundo la mwisho, humketisha mgonjwa palepale kitandani, ganzi ikiwa bado inafanya kazi, amtazame usoni, ndipo alinganishe macho mawili. Bibi mmoja alipoketishwa hivyo, alimkodolea macho, akamwambia kumbe naye kazeeka! Tulicheka wote. Daktari akamsihi bibi asicheke, vipimo vinaharibika.

Si kila kope ilimtii. Nyingi zilikaa vizuri, nyingine zilishuka akazirudia. Alikuwepo mtoto wa miaka minne ambaye kope yake ya kulia ilifunika mboni tangu kuzaliwa. Daktari aliufupisha msuli, lakini baada ya miezi michache kope ikaporomoka. Alimwita baba wa mtoto, akamweleza bila kuzungukazunguka kwamba amechagua njia isiyofaa, kwa kuwa msuli ule ulikuwa dhaifu mno. Sasa ilibidi kope iunganishwe na msuli wa paji la uso, kwa ukanda mwembamba utakaotolewa kwenye paja la mtoto. Wakichelewa, jicho litazoea kutoona, na ukubwani hata likifunguliwa halitasaidia. Baba akakataa katakata. Mwanawe akatwe tena, na paja juu yake? Jicho moja linamtosha!

Daktari hakubishana. Aliagiza chai, akamfunika baba jicho moja kwa pamba, akamwomba amimine. Chai ikaishia kwenye koti jeupe la Daktari. Baba akaitazama birika, kisha akaomba kalamu atie sahihi.

Safari hiyo kope ilikaa. Ila upasuaji wa namna hiyo una jambo lake: mtoto akilala, jicho halifumbi lote, na hupakwa dawa ya mafuta lisikauke. Baba na mama waliambiwa, shangazi akasahaulika. Masikini shangazi! Alipomkuta mtoto anakoroma huku anamwangalia, alitoka mbio na kandambili moja. Tangu hapo Daktari hamruhusu mtoto kwenda nyumbani kabla hajauliza kama kuna shangazi.

Mtoto yule ndiye mimi ninayeandika haya, nesi wa wodi ya macho, ninayemwandalia nyuzi na sindano kwa macho yote mawili. Mume wangu alionywa kabla ya harusi.

Daktari, shikamoo, na asante sana. Nakupenda kama mzazi, na leo nalisema mbele ya watu. Baba anakusalimu, lile koti bado linamtia aibu. Sote tunakuombea afya, furaha na miaka mingi ya kupumzika. Nenda ukalale fofofo, macho yote mawili yamefumba. Wodi niachie mimi. Unajua mwenyewe, jicho langu moja halifumbi.