Kiganja cha Mwalimu Mbele ya Lenzi

Assalaam alaykum, ndugu, majirani na wanafunzi mliotoka karibu na mbali kuja kumsindikiza kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mwalimu Kiganja, jina ambalo mwanzoni lilimkera na baadaye likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 1947, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mama aliyesomesha Kurani barazani kwake, na barazani hapo ndipo alipoanzia juzuu zake kabla ya kuingia shule ya msingi, kisha chuo cha ualimu alichohitimu mwaka 1968, akarudi mtaani kufundisha shuleni asubuhi na madrasa jioni, somo lake la moyoni likiwa akhlaki, yaani tabia njema.

Mwaka 1974 madrasa ilipewa projekta kuukuu, wazee wa msikiti wakagawanyika, wengine wakisema picha zisiingie chumba cha Kurani, naye akawaambia kwa upole kwamba picha zimeshaingia vichwani mwa watoto, kilichobaki ni kuwafundisha kuzitazama. Basi kila Alhamisi baada ya alasiri alitundika shuka jeupe, akasimama kando ya mashine, na ikitokea picha asiyoiridhia alifunika lenzi kwa kiganja, akawasha taa, akawauliza watoto kuna nini nyuma ya kiganja na kwa nini ameifunika picha, na majibu mengine, tuseme ukweli, yalikuwa machafu kuliko picha yenyewe, hadi akawa anajiuma mdomo asicheke. Wengi walidhani anafunika nguo fupi tu, kumbe alimfunika pia mtumishi anayepigwa ili watazamaji wacheke, na siku moja alimfunika kijana anayemkaripia baba yake huku muziki ukimshangilia, akauliza, "Huko ilikotengenezwa huyu ni shujaa, je, nyumbani kwenu ni nani?"

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972 na muuguzi, ambaye leo ni mjane wake, wakajaliwa wavulana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1980, ambaye tangu utotoni alishinda miguuni pa baba yake akikunja mikanda ya filamu, mpaka mama yake akalalamika kwamba amemzalia mumewe msaidizi, yeye hakubakiziwa mtoto. Binti alipotaka kusomea utengenezaji wa filamu, ndugu tulikuja juu, na marehemu peke yake ndiye aliyemkingia kifua.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilitaka papitwe kimya, lakini binti mwenyewe ameomba pasomwe. Jumamosi, tarehe 18 Juni 2011, binti alionyesha filamu yake ya kwanza katika ukumbi wa shule, marehemu akakaa mstari wa mbele na koti lake zuri, akamwona kwenye pazia mzee mwenye kofia kama yake na koti kama lake, amesimama mbele ya watoto, uso umekunjamana, anainua mkono, na hapo marehemu, ambaye hakuwahi kumchapa mwanafunzi, aliamini kwamba bintiye amemwonyesha kwa watu kuwa ni mpiga watoto, akainuka, akaenda hadi kwenye projekta, akafunika lenzi kwa kiganja, ukumbi mzima ukaingia giza, kisha akatoka. Yeye aliyefundisha mtaa mzima kuuliza kuna nini nyuma ya kiganja, siku hiyo hakuuliza. Binti hakuionyesha tena filamu ile popote, marehemu naye akaliacha darasa la Alhamisi, wakabaki wakijuliana hali na kukumbushana dawa, filamu haitajwi, na iliwauma wote wawili, sisi tuliokaa nao tuliona.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 2008, ukamla macho polepole, na kufikia mwaka 2021 alikuwa haoni kabisa, kisha Desemba iliyopita figo zikashindwa kufanya kazi, akalazwa. Ni hapo wodini alipomwita binti na kumwambia amletee ile picha yake, na binti alipouliza, "Baba, utaionaje?" akajibu, "Utanisimulia." Binti akakaa kitandani, kompyuta mapajani, akamsimulia picha baada ya picha, na walipofika pale mzee anapoinua mkono, aliushika mkono wa baba yake, akauinua taratibu, akasema, "Anaunyanyua hivi, baba, hamgusi mtoto, anaupeleka mbele ya lenzi, halafu anawasha taa na kuwauliza." Marehemu alilia, mkono ungali hewani, akasema, "Nilikufunika kabla sijakuona, nisamehe, mama," na binti akamsamehe palepale.

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Januari 2025, baada ya swala ya adhuhuri, binti akiwa ameushika mkono uleule.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyeacha muda wa kutazama wagonjwa upite ili baba na binti wamalize filamu yao, majirani mliobeba viti na maji tangu jana, na walimu wenzake wa shule na madrasa. Aliacha ombi moja, kwamba Alhamisi ijayo watoto wa madrasa waonyeshwe filamu ile mpaka mwisho, na mtu yeyote asisimame karibu na lenzi.

Kazi umeifanya, kaka. Mola alijaze nuru kaburi lako. Shusha mkono sasa, upumzike.