Tangazo la Korosho za Zainabu

Kijiwe cha kahawa cha Muhidini, jirani na soko pale Mtwara mjini, kina benchi moja na mabingwa wa kila fani. Alasiri hiyo Athumani alifika na ndoo ndogo ya korosho za kukaanga na agizo la mkewe, Zainabu, mama wa binti yao Sabra: wenzio wanirekodie tangazo la video la mtandaoni, na ndoo irudi kama ilivyoondoka, maana hizo ndizo za mwisho mpaka wiki ijayo. Mwaka wa pili huo Zainabu anakaanga, na wateja wake ni majirani tu. Athumani alimwonea huruma, na safari hii hakutaka kabisa kumwangusha. Kosa lake lilikuwa kufungua mfuniko.

— Kwanza bajeti, alisema Idrisa, mpiga video za harusi, ambaye kijiweni huitwa Dairekta. Alichota korosho, akaegemeza simu kwenye kopo la kashata, eti anapima mwanga. — Kuna tangazo la tajiri, la mwenye kiasi, na la kwako wewe.

— La tajiri likoje?

— Droni. Inapaa Msimbati, inaonyesha bahari, inashuka kwenye mikorosho, inamkuta Zainabu anatabasamu.

— Angani korosho utaionaje? alidakia Rajabu, waliyemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kuchimba mtaro wa bomba la gesi. — Chukua bajeti ya kati. Mchekeshaji kutoka Dar. Anatafuna, anazimia, anazinduka anaongea Kimakonde.

Akachota na yeye, aonyeshe namna ya kuzimia.

— Taratibu jamani, alisema Athumani. — Mama Sabra ataniuliza.

— Haba na haba hujaza kibaba, Injinia alimtuliza, akarudisha mkono ndooni.

— Na asiye na bajeti kabisa? aliuliza Muhidini, akimimina kahawa.

— Huyo anamtafuta kiboko wa Kitaya, alisema Dairekta. — Anaibuka Ruvuma, anaonja, anazama. Kiboko hadai posho.

— Na mpiga picha?

— Huyo atalipwa rambirambi.

Walicheka mpaka Muhidini akamwaga kahawa. Athumani alijikuta naye anatafuna. Zilikuwa zimeiva vizuri, chumvi ya kiasi, na fahari ikamjaa.

— Wallahi, mke wangu anajua kukaanga, alisema. — Nimekula korosho tangu utotoni, hizi ni habari nyingine.

— Kizuri kula na nduguyo, alisema Injinia, akiinamisha ndoo.

Dakika chache baadaye bajaji ikasimama. Akashuka mama mmoja mwenye baibui, wasiyemjua.

— Asalaam aleikum. Mimi Latifa, nina nyumba ya wageni Mikindani. Nilikuwa hapo sokoni nikawaona kwenye simu, nikasoma kibao cha kahawa nyuma yenu. Mko laivu muda mrefu tu. Nani yule aliyemsifu mkewe?

Wote waligeukia kopo la kashata. Kumbe Dairekta, katika kupima mwanga, aligusa pasipo pake.

Athumani alifurahi hadi akasimama. Tangazo limepatikana, na droni haikuruka.

— Ni mimi, mama. Karibu.

— Basi nachukua ndoo nzima, na kila wiki ndoo nyingine. Ya leo iko wapi?

Mkono wa Injinia ulikuwa bado ndani ya ndoo, unakwangua plastiki. Dairekta alimeza. Muhidini akajishughulisha na birika.

Simuni, watu walikuwa bado wanatazama, na ujumbe mpya ukapanda. Ulitoka kwa Zainabu: “Baba Sabra, mjibu mama.”