Jumanne Bila Ini Bichi: Kumuaga Mama Marta Nanyaro wa Maabara

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Marta Nanyaro, fundi sanifu wa maabara ya baiokemia, anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu miaka thelathini na mitatu.

Kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Brayson. Wenye digrii zao wapo wengi, lakini hakuna aliyekaa katika maabara ile kunizidi. Baiokemia ya Utangulizi nimeisoma mara mbili na sasa niko ya tatu. Waliofaulu walipita tu.

Mama Marta alianza mwaka 1992 akiosha vyombo vya kioo. Aliviosha huku akiuliza kila kimoja kinafanya nini, mpaka wakubwa wakachoka kujibu wakampeleka kozi. Akarudi fundi. Mashine ya kuzungushia sampuli ilipogoma, aliifunga mpira wa ndani wa baiskeli, na inazunguka hadi leo, ingawa inanguruma kama mashine ya kukoboa kahawa.

Lakini sisi tunamjua kwa Jumanne. Friji ya maabara ilikufa miaka minne iliyopita, barua tatu zimeandikwa, nayo bado ni kabati. Kwa hiyo kila Jumanne, kabla ya saa moja asubuhi, Mama alikuwa sokoni Tengeru na kopo lake jeupe, kwenye bucha la Elihuruma, akichukua ini la ng'ombe aliyechinjwa alfajiri hiyo hiyo. Ukilidondoshea peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda, ini bichi linapandisha povu mpaka mdomoni mwa testi tyubu. Mama hakuruhusu mtu aandike chochote kabla hajashika kitako cha testi tyubu akasikia joto. Kimeng'enya, yaani ile protini ya ini inayopandisha povu, ambacho darasani kilitutesa saa mbili ubaoni, yeye alikuwekea kiganjani.

Mwaka jana alikwenda likizo kwake Akheri, tukajigawia kazi. Nosim wa Oldonyo Sambu, mwenzangu wa kurudia, alinunua ini Jumatatu jioni. Litalala wapi? Mimi, mwenye akili ya haraka, nikashauri tulichemshe na chumvi kidogo, kama nyama inavyolazwa nyumbani kwetu. Asubuhi tukadondosha dawa. Kimya. Tukaongeza. Ini limetulia kama jiwe. Watu arobaini wakaandika ripoti kwamba ini halina kimeng'enya, na mimi nikatoa na sababu ya kitaalamu, kwamba ng'ombe alikuwa mzee.

Mchana ule ule Mama akatokea, likizo haijaisha hata, kwa sababu Jumanne ilikuwa imemkosesha raha. Alisoma ripoti amesimama. Akafunua sufuria, akanusa, akauliza mpishi ni nani. Nikanyoosha mkono kwa fahari.

"Kimeng'enya umekiua kwa moto, mwanangu," akasema. "Hicho kipande ambacho hakijaguswa na dawa kapikeni ugali mle. Na kila ukitafuna, ukumbuke."

Tulikula, na nilikumbuka. Swali la joto linavyoharibu protini lilikuja kwenye mtihani, na ndilo pekee nililopata lote. Anayebisha nitamwonyesha karatasi.

Ningependa kuandika kwamba ameacha mrithi. Hakuna. Kibali cha kuajiri mwingine hakijatoka, na hakuna anayejua kitatoka lini. Mtihani wa marudio, pamoja na sehemu yake ya vitendo, uko Septemba. Wa kurudia tumebaki sita, na atakayeanguka safari hii anadisko, yaani anafunga begi anarudi kwao moja kwa moja. Kwao Nosim hakuna aliyewahi kufika chuo kabla yake. Ameacha hata kunijibu nikimtania. Mimi nimejaribu kitabu peke yangu, nikafika ukurasa wa nane. Picha zipo, mishale ipo, joto la kitako cha testi tyubu halipo popote.

Jumanne iliyopita, ya mwisho, mimi na Nosim tulimsindikiza buchani. Elihuruma alijaza kopo, kisha akauliza ini la wiki ijayo aliweke kwa jina la nani. Mama Marta, ambaye siku zote jibu analo kabla hujamaliza swali, alifunga kopo, akalifungua, akalifunga tena.

"Kwa sasa usimwekee mtu," akasema.

Tulirudi chuoni, kopo nimelibeba mimi.

Mama, asante kwa miaka yote hiyo, kwa alfajiri zote za baridi ya Meru, na kwa kutoniita mjinga hata siku niliyostahili. Mungu akupe afya na uzee mrefu wenye amani. Kaione kahawa yako ya shambani Akheri ikiwa imeangaziwa na jua, maana umezoea kuipita gizani. Na Jumanne ijayo, tafadhali, lala mpaka kukuche. Sisi sita tutakuwepo maabara saa mbili kama kawaida. Kopo lako tumeshaliosha, tayari kwa safari ya buchani.